Muhuri Mdomoni

Jumanne, 4 Machi

Mvua zimeanza na plasta haikauki. Vinywa vya watu nilivyovimimina kwa plasta jana asubuhi leo mchana bado ni vya baridi ukivigusa, na juu ya plasta mbichi nta haikai. Kila msimu wa mvua ni hivi hivi. Wateja wanataka meno yao, mimi nangoja plasta, na Daktari anapita mlangoni akiniuliza kana kwamba ninayeleta mvua ni mimi.

Naandika shajara msimu wa mvua tu. Kiangazi kazi inakwenda, sina cha kungojea. Chumba changu kiko nyuma ya kliniki ya meno: dirisha moja, meza moja, taa kali ya kuinamisha, na rafu ya vinywa vya plasta vyenye namba. Daktari anang'oa, mimi narudisha ya bandia. Daktari ni mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mpole, ila maswali yake hayaishi.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua kutwa. Mzee mmoja amerudisha seti yake ya juu akilalamika kwamba inamfanya aonekane anacheka hata akiwa amekasirika. Nimeipunguza. Mke wake alinikonyeza nisipunguze sana.

Ijumaa, 14 Machi

Mdogo wangu alikuja kliniki na binti yake wa darasa la pili, ambaye nyumbani tunamwita Kidoti. Jino la utoto lilikuwa limegoma kutoka. Daktari alilitoa kwa kidole na kitambaa, mtoto hata hakujua, lakini hakumwacha ashuke kwenye kiti. Alivuta taa, akaugeuza mdomo wa chini, akatazama ndani ya shavu moja, kisha la pili. Halafu akamtazama mdogo wangu midomoni.

"Na wewe unayo haya madoa. Tangu lini?"

Mdogo wangu akatabasamu. Swali hilo ameulizwa tangu utotoni na analipenda. Hajawahi kupaka rangi ya mdomo maisha yake yote, kwa ajili hiyo.

"Huo ni muhuri wetu, Daktari. Kwetu asiye nao si wa kwetu." Akanielekezea kidole mimi niliyesimama mlangoni na koleo mkononi. "Muulize huyo. Yeye aliokotwa."

Daktari hakucheka. Akauliza kama mtoto huwa anaumwa tumbo.

"Minyoo tu. Watoto, si unajua."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi nimezaa, Daktari. Aliyezaa akakosa tumbo la kulalamikia ni nani?"

Walipoondoka Daktari alikuja chumbani kwangu akafunga mlango, jambo ambalo hafanyi. Akaniambia madoa mdomoni peke yake si kitu. Ufizi mweusi, shavu lenye doa, anaviona kila siku kwa watu wenye afya kabisa. Ila madoa midomoni na ndani ya mashavu, kwa mama na kwa mtoto, pamoja na tumbo linalouma likaacha likauma tena, hayo yote kwa pamoja yanamtia wasiwasi. Kuna ugonjwa wa kurithi unaokuja na alama hizo. Huotesha vinyama ndani ya utumbo. Utotoni vinaweza kuziba njia, na mtu akikua navyo bila kuangaliwa vinaweza kugeuka saratani, na si ya utumbo peke yake.

"Nimeuona kitabuni tu," akasema. "Naweza kuwa nimekosea. Lakini waende wakaangaliwe. Nimeshamwandikia rufaa."

Alinitajia na jina. Ni refu, la madaktari walioueleza kwanza, na lilinitoka kichwani kabla hajafika mlangoni.

Jumapili, 16 Machi

Nyumbani kwa Mama, chakula cha mchana.

Niandike kwanza habari ya muhuri, maana nje ya familia hakuna anayeielewa. Ni vidoa vyeusi vidogo, vingi kwenye mdomo wa chini, mfano wa mtu aliyekula wino. Baba yake Mama alikuwa navyo, Mama anavyo, mdogo wangu anavyo, Kidoti anavyo. Mtoto wa kwetu akikaribia miaka miwili Mama humpeleka dirishani, humgeuza mdomo, na akiona doa hata moja husema, "Wetu huyu," kisha nyumba nzima hupiga vigelegele. Asipoona kitu husema, "Bado," na kungoja mwezi unaofuata. Kwangu mimi alisema "bado" mpaka nilipoanza shule, ndipo akaacha kuangalia. Ndiyo maana naitwa wa kuokotwa. Ni utani, na nimeucheka miaka yote.

Leo nilipomweleza alichosema Daktari, Mama aliweka kijiko chini.

"Daktari wa meno aangalie meno."

"Mama, hakusema ni lazima. Kasema wakaangaliwe."

"Baba yangu alikuwa na mdomo mzima umejaa. Mwanamume mzuri mji mzima unamjua."

"Na alikufa na nini?"

"Alikula kitu."

Mdogo wangu aliinama akala. Akishakuwepo Mama, yeye hana neno. Ni mtu mzima, anafundisha darasa zima la watoto wakorofi, lakini mbele ya Mama anarudi kuwa kitinda mimba.

Njiani nikirudi, kwenye mvua, niligundua kwamba sehemu yangu fulani ilikuwa imefurahi. Muhuri wao una walakini. Sikuipenda hiyo sehemu, ila ilikuwepo.

Alhamisi, 27 Machi

Kidoti hakwenda shule jana wala juzi. Tumbo. Kapewa dawa ya minyoo tena. Rufaa imo kwenye mkoba wa mdogo wangu, nimeiona, imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama tikiti ya basi.

Jumatano, 2 Aprili

Kidoti mzima, anaruka kamba. Mama kanipigia simu kuniambia hivyo, kisha akakata.

Jumanne, 8 Aprili

Nataka kuandika kabla sijachanganya kilichotangulia na kilichofuata.

Baada ya mapumziko ya saa nne mdogo wangu alinipigia. Kidoti kaanguka uwanjani shuleni, amejikunja, anatapika maji ya kijani matupu. Shemeji yangu, mume wake, ni dereva wa malori na yuko safarini. Niliacha nta ikichemka, Daktari ndiye aliyeizima. Nilipofika hospitali walikuwa wamemlaza kwenye kitanda cha magurudumu koridoni, magoti yamegusana na kidevu. Maumivu yalikuwa yanakuja na kuondoka. Yakiondoka anauliza kama kesho ataruhusiwa kwenda kwenye mashindano ya kuimba. Yakija anashika nguo ya mama yake na kufumba macho.

Mama alifika amelowa. Alimtazama mtoto akijikunja mara moja tu. Halafu akageuka, akatoka, akaenda kukaa kwenye benchi la nje ambako mvua inapiga. Nilidhani ni hasira. Nilidhani anaona haya kwangu kwa sababu nilimwambia.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mnene, mchangamfu, wa haraka. Alisema huenda ni kidole tumbo. Nikamwambia nina jambo. Sijui nilipata wapi ujasiri, mimi ni fundi wa meno, lakini nilimwomba aangalie mdomo wa mtoto, kisha wa mama yake, na nikamweleza alichosema Daktari wetu, ila jina sikulikumbuka. Alilitaja yeye. Uchangamfu ukamtoka. Akaagiza picha ya tumbo kwanza, hapo hapo.

Alipotoka chumba cha upasuaji alitueleza kwa mkono wa koti lake jeupe. Aliuvuta mkono ule ukaingia ndani yake wenyewe. Utumbo wa Kidoti ulikuwa umefanya hivyo. Kinyama kilichoota ndani kilisukumwa na chakula, nacho kikauvuta utumbo ukajimeza. Wameuvuta ukarudi, wamekitoa hicho kikubwa, wameviona vingine. Utumbo haujaoza. Wangefungua wakitafuta kidole tumbo wangepoteza muda, alisema, na muda haukuwa mwingi.

Mdogo wangu alikaa sakafuni, hapo hapo kwenye vigae, akiwa amevaa nguo zake za kufundishia. Nikakaa naye. Hakuna aliyetuambia tunyanyuke.

Jumatano, 9 Aprili

Kaamka. Kaomba maji, kanyimwa, kanuna. Nimefurahi kuona mnuno.

Jumatano, 16 Aprili

Tumekutana na daktari wa magonjwa ya kurithi. Mzee mwembamba, anaongea kwa sauti ya chini, ana penseli sikioni na nyingine mkononi. Kidoti, ambaye sasa anatembea ameshika tumbo kama mjamzito, amempa jina la Babu Penseli na mwenyewe amelikubali.

Kazi yake inaanza na kuchora ukoo. Mwanamke ni duara, mwanamume ni mraba. Aliyeugua anapakwa weusi, aliyefariki anapigwa mstari wa mshazari. Alianza na Kidoti, akapanda kwa mama yake, akanichora mimi pembeni, duara tupu. Akapanda kwa Mama, ambaye tulimleta shingo upande.

"Mama, umejaaliwa watoto wangapi?"

"Wawili. Hao."

"Na baba yako, alifariki kwa maradhi gani?"

"Alikula kitu."

"Tumbo?"

Mama akafunga mkoba wake. Babu Penseli akauliza upande wa marehemu Baba. Nikamwambia yupo shangazi mmoja, upande wa pili wa mji, ambaye hatuendi kwake, ni mambo ya zamani. Mama akasema huko hakuna muhuri, hakuna haja ya kuchora huko. Babu Penseli alichora hata hivyo, duara moja dogo pembeni ya karatasi.

Akatueleza kwa utulivu. Damu ya Kidoti itapimwa kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyekwisha kuugua. Wakiipata hitilafu kwenye vinasaba vyake, ndipo wajue cha kutafuta kwa sisi wengine. Bila hivyo, aliye mzima akipimwa akaambiwa hana kitu, hajaambiwa kitu. Aliye na ugonjwa huu anampa kila mtoto wake kwa bahati ya nusu kwa nusu, kama sarafu ikirushwa. Na wapo wenye ugonjwa ambao madoa yao ni hafifu au yamefifia kwa umri, kwa hiyo asiye na madoa asijidanganye. Hapo alinitazama mimi.

Tumetoa damu watatu, ili yetu isubiri ya Kidoti. Mama kakataa. Kasema damu yake anaifahamu.

Jumanne, 22 Aprili

Mama kaniambia leo kwa simu: "Kwa hiyo miaka yote nilikuwa naupigia vigelegele ugonjwa. Ndicho mnachotaka niseme." Nikamwambia hakuna anayetaka aseme kitu. Akasema, "Wewe ndiye uliyeleta." Mvua, mvua.

Ijumaa, 2 Mei

Plasta imekauka kwa mara ya kwanza wiki hii. Seti tatu kwa siku moja. Hakuna jipya.

Jumatatu, 12 Mei

Majibu. Kidoti anao. Mdogo wangu anao. Mimi sina.

Babu Penseli alinipa mkono. Mimi nilishukuru vizuri, nikatoka, nikaingia chooni nikalia mpaka kichwa kikauma. Sijui kueleza. Nimeepuka kisu, kamera na hofu ya kila mwaka, na nalia. Nilikuwa nalia kwa sababu sasa imethibitishwa kwa damu kwamba Mama alikuwa sahihi, mimi sinao. Ni upuuzi na najua ni upuuzi. Nilinawa uso nikarudi.

Babu Penseli alikuwa anamweleza mdogo wangu kwamba ugonjwa huu hauponyeki lakini unalindwa. Kamera tumboni, juu na chini, vinyama vitolewe kabla havijabadilika. Matiti yaangaliwe, kizazi kiangaliwe, kongosho liangaliwe. Kila mtu kwa ratiba yake. Akamwuliza choo kikoje. Mdogo wangu akanitazama mimi, akamtazama yeye, akasema mara nyingine huona damu, alidhani ni bawasiri ya uzazi. Tangu lini? Tangu mwaka juzi.

"Tarehe ishirini uje. Tafadhali usikose."

"Nitamwambia Mama," akasema mdogo wangu.

"Mama yako naye namwalika. Lakini wewe uje."

Jumanne, 20 Mei

Hakwenda.

Nilimpigia akasema Mama kamwambia wasubiri mvua ziishe, mtoto kwanza apone vizuri, mambo yasifanywe kwa papara. Nikamwuliza yeye anasemaje. Akasema, "Dada, nikienda kwa nguvu nitakuwa nimemwambia kwamba yeye ndiye aliyenipa." Nikamwambia hata asipokwenda ni Mama aliyempa. Akakata simu. Nilikuwa mkali mno, lakini sikumpigia tena kuomba radhi.

Jioni shemeji alikuja mpaka kliniki, na shati la safari.

"Shemeji, mimi sijui kuongea na mkwe wangu, unajua mipaka yangu. Lakini mke wangu akipanda ngazi anasimama katikati. Anatafuna mchele mbichi kutwa. Viganja vyake vimekuwa vyeupe. Yule mzee wa penseli kanionyesha mtoto wangu alichokuwa nacho tumboni, na kaniambia mama yake anaweza kuwa na kikubwa kuliko hicho. Mimi naendesha lori nikiwaza hivyo."

Nikamwambia nitaongea na Mama.

Alhamisi, 22 Mei

Sikuhitaji kwenda. Mama alikuja mwenyewe.

Mchana, mvua ya kukata na shoka, mwavuli umegeuka nje ndani. Hajawahi kuja kazini kwangu hata mara moja. Alikaa kwenye kigoda ambacho wateja hukalia wakijaribu meno, akaviangalia vinywa vya plasta kwenye rafu.

"Wote hawa ni watu?"

"Ni watu, Mama."

Akavihesabu kwa kidole mpaka mwisho wa rafu. Kisha akasema, "Hiyo taa yako inaona ndani?"

Nilinawa, nikavaa glavu, nikachukua kioo. Aliinua kichwa akafungua kinywa kwa utii. Sijawahi kumwona Mama akimtii mtu. Nilipougeuza mdomo wake wa chini, madoa yalihama. Yaliburuzika chini ya kidole changu yakaacha mistari. Nikaitazama ncha ya glavu. Wanja.

Alifumba macho. "Yalianza kufifia zamani," akasema, na kidole changu bado kimo. "Kila asubuhi nachora. Baba yenu alikufa hajui."

Sikucheka, ingawa siku nyingine ningevunjika mbavu. Nikaufuta wanja wote kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, taratibu. Mdomo ukabaki mtupu, wa mwanamke mzee wa kawaida. Kisha nikaingiza kioo mashavuni. Huko yalikuwepo, ya kweli, meusi, mengi, hayakufifia hata kidogo.

"Yapo?"

"Yapo, Mama. Ndani."

Alifunga kinywa. Ndipo akaongea, akitazama ile rafu na si mimi.

"Wewe si wa kwanza wangu. Kabla yako walikuwepo wawili. Wa kiume, halafu wa kike. Wote wana muhuri. Nilikuwa natembea nao njiani nawageuza midomo majirani waone. Nilikuwa nafanya kazi kiwandani, nikienda nawaacha kwa wifi yangu, shangazi yenu, na yeye ndiye aliyewalisha. Mvulana akaumwa kwake. Anajikunja, anatapika, linaacha, anacheza, linarudi. Siku ya pili akafa. Nikasema ni bahati mbaya. Mwaka uliofuata, msichana. Kwake vile vile. Vile vile kabisa."

"Ukasema kawapa kitu."

"Nilisema mbele ya watu. Baba yenu alinyamaza, maana ni dada yake. Tukahama."

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, ikabidi nisogeze kigoda changu ili nimsikie.

"Siku ile hospitali nilimwona Kidoti alivyojikunja," akasema. "Nilishawahi kuuona mkunjo ule. Nikatoka nje. Tangu siku ile nimekuwa nikijua, na nimekuwa nikimzuia mdogo wako, kwa sababu akienda akikutwa nao, basi yule mwanamke hakuwaua watoto wangu. Na mimi nitakuwa nimemfanya nini?"

Nilivua glavu nikamshika mikono. Ilikuwa ya baridi, ina maji. Nilimpenda sana wakati ule, kuliko nilivyompenda utotoni nilipokuwa nikiutafuta muhuri wangu kwenye kioo. Niliona mwanamke aliyekuwa na watoto wawili na kiwanda na hakuna aliyemweleza kitu.

"Mwambie mdogo wako," akasema akinyanyuka, "nitamtangulia. Waanze na mimi."

Jumanne, 27 Mei

Walianza naye. Mdomo wake haukuwa na wanja. Alikutwa na vinyama vichache vidogo, vikatolewa. Daktari wa kamera kashangaa kwamba umri huu kafika salama. Mama kamjibu kwamba hata yeye anashangaa.

Kisha mdogo wangu akaingia. Alikaa ndani muda mrefu. Kikubwa kimoja kwenye utumbo mpana, ndicho kilichokuwa kikivuja damu, na vingine sita. Vyote vimetoka. Vimepelekwa maabara. Tunangoja.

Jumamosi, 31 Mei

Tunangoja. Mdogo wangu kaja kukaa kwenye kigoda changu, kanisaidia kupanga meno kwa rangi. Kakosea yote. Nimeyapanga upya alipoondoka.

Alhamisi, 5 Juni

Majibu ya maabara. Ndani ya kile kikubwa seli zilikuwa zimeanza kubadilika. Zimeanza tu, na zote zilikuwa ndani ya kilichotolewa, ukingoni hakuna kitu. Babu Penseli alisema saratani ilikuwa inabisha hodi na imekuta mlango umefungwa. Mdogo wangu atarudi kwa kamera baada ya miezi michache, na kila mwaka baada ya hapo, yeye na Kidoti na Mama. Amepewa dawa ya kuongeza damu. Shemeji aliposikia alikwenda dirishani akatugeuzia mgongo kwa muda, tukajifanya tunasoma tangazo la ukutani.

Mama akaomba karatasi ya ukoo itolewe. Akamwambia Babu Penseli kwamba amezaa wanne. Mdogo wangu, ambaye nilikuwa nimemweleza tayari, alimshika bega. Babu Penseli hakuuliza kwa nini hakusema mwanzo. Alichora mraba, akachora duara, kushoto kwangu, akauliza umri wa kila mmoja na ugonjwa ulivyokwenda. Mama alieleza bila kukatika. Aliposema "alikuwa ameanza kuimba" ndipo alipojifuta uso kwa kiganja, akaendelea.

"Siwezi kusema kwa hakika, Mama," Babu Penseli akasema. "Hawapo tuwapime. Lakini kwa ulivyoeleza, ningekuwa mimi, nisingetafuta sababu nyingine."

Jumapili, 8 Juni

Mvua zimepungua. Leo tulikwenda kwa shangazi, Mama, mdogo wangu, Kidoti na mimi. Mama hakuniruhusu kupiga simu kwanza. Alisema akipewa nafasi ya kukataliwa kwa simu ataitumia.

Nyumba ndogo, safi, baraza ina nguo zilizoanuliwa kwa haraka ya mvua. Shangazi alitoka mwenyewe. Nilikuwa sijamwona tangu msiba wa Baba, na siku ile alisimama mbali. Ana uso wa Baba hasa. Alitutazama wote, hakusema karibu, hakusema ondokeni.

Mama hakukaa.

"Wifi. Wale watoto walikuwa wagonjwa. Ni ugonjwa wa kwetu, umetoka kwa baba yangu ukapita kwangu. Huyu mjukuu wangu kaupata, na mama yake. Wamepimwa. Hukuwapa kitu."

Shangazi alishika nguzo ya baraza. "Rudia," akasema.

Mama akarudia yote, neno kwa neno, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka jirani mmoja alichungulia.

Shangazi alikaa kwenye ngazi. Kidoti alichoka kusimama akaenda kukaa karibu naye, kwa kuwa hapo ndipo palikuwa pakavu.

"Nilijua sikuwapa kitu," shangazi akasema mwishowe. "Walikula nilichokula mimi. Lakini miaka imekuwa mingi, wifi. Siku nyingine nilikuwa naamka nimeamini. Nakumbuka sufuria, nakumbuka maji, najiuliza ni lini. Sikushika tena mtoto wa mtu."

Mama alishuka akakaa upande wa pili wa Kidoti. Mimi na mdogo wangu tulibaki tumesimama kama wageni wa mtu mwingine. Hakuna aliyeomba msamaha kwa neno hilo, na sikuona kwamba lilikuwa linangojewa. Shangazi aliutazama mdomo wa Kidoti, akaugusa kwa kidole kimoja, akakiondoa haraka.

"Bibi," Kidoti akamwambia, "mimi nina njaa."

Shangazi hakunyanyuka. Alimtazama Mama juu ya kichwa cha mtoto.

"Nimpe chakula?"

"Mpe," Mama akasema. "Na mimi nipe."